Taa za Fundi Redio

Fundi redio hapigi santuri nyumbani kwake kwa pupa. Kwanza anawasha amplifaya ndogo yenye taa za kioo, zile za redio za zamani, na kuziinamia mpaka ziwe nyekundu. Ndipo anawasha ile kubwa ya transista inayosukuma spika. "Taa zinatia utamu, transista inatia nguvu," husema polepole, akifuta kila taa kwa kitambaa kama mtu anayefuta uso wa mtoto. Vidole vyake vina makovu ya kuchomelea waya. Mkewe ameyasikia maneno hayo miaka kumi na moja, na huyamalizia akiwa jikoni.

Kaka wa mkewe ndiye haambiliki. Kila Jumapili hukaa kwenye kochi lile lile na kutoa hukumu ile ile: "Shemeji, mimi sisikii tofauti." Jumapili moja alifumba macho mpaka wimbo ukaisha. "Haya, nimekubali," akasema. "Huo utamu wa taa leo nimeusikia." Wakati huo fundi alikuwa ameinama nyuma ya kabati, amegundua kwamba mkewe, alipofuta vumbi asubuhi, alichomoa waya wa santuri na kuurudisha moja kwa moja kwenye transista, bila kupitia kwenye taa. Taa zilikuwa zinamulika rafu tu. Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dirisha. "Si nilikwambia, shemeji," fundi akasema.

Jumapili iliyofuata alizisubiri taa ziwe nyekundu, kama kawaida. Waya hakuugusa.