Mkunja Kurasa za Katikati

Kwaruu. Kwaruu.

Ni saa kumi na moja alfajiri, chumba bado giza. Sauti hiyo inayotoka pembeni mwa kitanda si ya panya. Ni ukucha wa kidole gumba unaopita juu ya mkunjo wa karatasi. Mama wa miaka ishirini na minane anakunja karatasi za daftari ziwe kijitabu. Taa hajawasha, kwa sababu binti yake amelala, na mikono yake haihitaji kuona.

"Hata usingizini nakunja," ananong'ona huku akijizuia kucheka. "Iko siku nitakunja shuka na mtoto ndani yake."

Kijitabu hicho kina hadithi aliyoitunga mwenyewe. Jioni ya leo lazima aikabidhi kwa mwalimu wake wa masomo ya jioni. Ikikubaliwa, anapata cheti. Akipata cheti, msimamizi wa kiwanda ameahidi kumhamishia dawati la wakaguzi, wale wanaosoma kitabu kizima kabla hakijatoka.

Imeshakataliwa mara mbili.

Kwa miaka sita amefanya kazi katika kiwanda kinachochapa vitabu vya hadithi vya watoto. Kitabu kina kurasa ishirini na nne, na meza za kukunjia ni tatu. Meza ya kwanza hukunja ukurasa wa kwanza hadi wa nane. Meza ya tatu hukunja wa kumi na saba hadi wa mwisho. Yeye yuko meza ya pili, katikati. Kwa siku hukunja mikunjo elfu moja na mia nane, akidokoa mstari hapa na mstari pale. Na kila anapodokoa, anakuta mambo yameshaharibika.

"Mtoto kapotea. Mbuzi katumbukia shimoni. Mama mgonjwa, dawa hakuna," anahesabu kwa vidole. "Nikadhani watunga vitabu wana roho mbaya."

Wenzake wamembatiza Mama Balaa. Jirani yake wa meza ya kwanza hujigamba kwamba kwake hakuna shida, kila mtu ndiyo kwanza anaamka ananawa uso. Bibi wa meza ya tatu ndiye mchokozi kuliko wote.

"Hamia kwangu, mwanangu," humwambia. "Huku ni kuoa na kuolewa tu. Na yule mbuzi wako ametoka shimoni kanenepa!"

Enzi hizo alisoma kwa kusuasua, maana shule aliiacha darasa la tano. Mwaka jana akajiandikisha masomo ya jioni, na ada ikawa inameza theluthi ya mshahara wake. Jioni moja mwalimu akachora mstari ubaoni. Hadithi huanzia tambarare, akaeleza: tunawajua wahusika, tunajua wako wapi na wanataka nini. Kisha linatokea la kuwazuia, mstari unapanda, mambo yanakaza mpaka kileleni. Ndipo unateremka kwenye suluhu.

"Nilipiga kelele darasani," anakumbuka. "Nikasema, 'Mwalimu, kumbe miaka yote hii mimi naishi mlimani!'"

Kuelewa kulikuja siku ile ile. Kutenda ndiko kulikomshinda.

Hadithi yake ilimhusu msichana anayempelekea bibi yake blanketi. Anatoka nyumbani, anavuka barabara, anafika, anakumbatiwa. Basi. Mwalimu akairudisha na maneno ya wino mwekundu: "Wahenga walisema baada ya dhiki, faraja. Wewe umeandika faraja baada ya faraja."

Mara ya pili akamnyeshea msichana mvua. "Lakini nikampa na mwavuli," anakiri, akijifunika uso kwa kiganja.

Miaka miwili iliyopita, baba wa binti yake alitoka asubuhi kwenda kazini. Akagongwa na gari, hakurudi. Tangu siku hiyo, katika hadithi anazomsimulia mtoto kitandani, kila anayetoka lazima afike.

"Kutwa nzima watoto wanapotea mikononi mwangu," anasema. "Nirudi nyumbani nimpoteze mwingine, mbele ya huyu?"

Ila huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, husinzia kabla msichana hajavuka barabara.

Mama hana ndoto ya kuwa mtunzi. "Nataka lile dawati. Nisome mwanzo, katikati na mwisho, halafu nitie saini kwamba kila kitu kipo. Na Chiriku akianza shule, nimsomee mimi mwenyewe mpaka ukurasa wa ishirini na nne."

Kumeanza kupambazuka. Chiriku anafumbua macho na kuuliza ile ni nini. Mama anasita, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda na kukifungua kijitabu. Katikati ameongeza kurasa ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia.

Msichana anafika kwa bibi yake, blanketi mkononi. Anabisha hodi. Kimya. Anabisha tena, kwa nguvu. Kimya.

Mama anainua macho kutoka kwenye kijitabu. Kidole gumba kimeganda pembeni mwa ukurasa, na anamtazama mwanawe kama mtu anayesubiri kilio.

Chiriku hasinzii. Ameketi wima, shuka limemdondoka mabegani, macho kwenye maandishi asiyoweza kuyasoma bado. Anafikiri. Kisha anasema:

"Basi azunguke, agonge dirishani."