Ndia na Nchi

Siku yangu ya kwanza kazini Lamu, Bwana Inspekta, mzaliwa wa Amu, kama wenyeji waitavyo Lamu, alinipa sura. Sura ndilo jina tuliloliita lile umbo la uongo analovaa askari wa siri. Yangu ilikuwa ya mnunuzi wa kamba mawe wa baharini. "Mkamba anunue kamba," akacheka, kisha akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamjibu kwa Kiamu nilichookota kwenye basi: "Natafuta ndia ya Ndau."

Akaacha kucheka. "Bwana, ukiiga maneno yetu utayulikana upesi. Wewe ni mtu wa bara, basi kuwa mtu wa bara."

Niliona haya mpaka masikioni. Lakini haya ile ilituzalia kanuni: "ndia" likawa neno letu la hatari. Askari wa bara husema "njia" siku zote, kwa hiyo akitamka "ndia" kwenye simu, ameshikwa.

Miaka ikapita, nami nikawa msimamizi, yaani yule anayekaa na simu akilinda roho ya mwenzake. Konstebo Mwende nilimweka Mkokoni awachunguze wauza unga, naye akajifanya mnunuzi wa kamba vilevile. Alipanga kwa Bi Zainabu, mama wa Kiamu asiyechoka kuzungumza. Kila adhuhuri alimpigia simu mjomba wake wa Malindi, na mjomba huyo ni mimi.

Mwezi wa tatu akapiga: "Mjomba, leo sina ndia ya kuleta mzigo."

Mkubwa wangu mpya, Bwana Superitendenti, alikuwa kando yangu akisikiliza. "Amezoea lahaja tu," akaninong'oneza. "Ukituma watu bure, kazi ya miezi mitatu imeharibika."

Hoja yake ilikuwa na uzito. Tulipotunga kanuni tulisahau kwamba mtu hujifunza lugha ya nyumba anayolala. Niliogopa, sifichi. Ila nikawaza, kama Kiamu kimemkaa Mwende ulimini, hakitaishia neno moja.

"Na nchi huko," nikamuuliza, "imekauka bado?" Mtu aliyeyameza maneno ya Bi Zainabu angesema "nti".

"Nchi kavu, mjomba," akajibu taratibu.

Nikamgeukia mkubwa. "Bwana, 'nchi' kaisema kibara, basi 'ndia' ni ya makusudi. Huyu ameshikwa."

Vijana wetu waliokuwa kisiwa jirani cha Kiwayu wakashuka Mkokoni kama maofisa wa uvuvi, na rula zao za kupimia kamba. Kwenye ghala moja la kamba walimkuta Mwende kaketi kati ya wanaume wawili, kisu ubavuni. Wanaume hao walikamatwa bila risasi kulia, na unga ukatolewa chini ya matenga. Niliposikia sauti yake redioni nililia mbele ya mkubwa wangu, naye akanipa leso yake.

Tangu hapo kila askari wangu alikuwa na maneno mawili, la kuita na la kuthibitisha. Nimestaafu bila kumzika hata mmoja niliyemsimamia. Vijana mnaonisikiliza, hilo najivunia kuliko vyeo vyote.

Mwende sasa ni Inspekta, anafunza wageni. Juzi alinipigia. "Mzee, nimepotea ndia."

Chai ikanimwagikia mapajani. "Na nchi?"

"Nti ni njema, mzee," akasema, akacheka. Nikajimiminia kikombe kingine.