Sauti ya Nyanya Juu ya Dungu

Mpunga wetu wa Kulesa ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, kwelea walishapata habari, na mwenye kuwafukuza hakuwa na sauti. Nyanya yangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, akabaki na mnong'ono tu. Sisi wengine tulipanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kuamia ndege, tukapiga kelele mpaka makoo yakakauka. Wapi! Ndege walituangalia, wakaendelea kula. Na mpunga ule ndio chakula chetu cha mwaka.

Lakini sauti ya nyanya nilikuwa nayo. Msimu uliotangulia nilimrekodi kwa simu akiwatukana ndege, kwa kuchekesha tu, nikaihamishia kwenye laptop kuukuu niliyoinunua Garsen ikiwa imeshachoka. Simu ile baadaye ilizama mtoni, sasa natumia mulika mwizi, kisimu cha tochi tu. Mpango wangu ulikuwa rahisi: laptop iseme, niishikie kipaza sauti cha kanisa, na kwelea wakome.

Nikaiwasha. Kimya.

Jamani! Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikaizima, nikaiwasha tena. Nikaipiga kofi la ubavuni, nikaiomba msamaha. Mwishowe nikapanda bodaboda hadi Garsen, fundi akaitegea sikio, akatikisa kichwa.

"Dada, spika zimekufa. Tafuta laptop nyingine."

Hata kuifungua hakuifungua! Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga.

Nyanya nilimkuta jikoni akikoroga uji. Nilipomweleza, akaninong'oneza kwamba labda ni ile mvua.

"Mvua gani tena?"

Ndipo nikaambiwa. Nilipokuwa safarini paa lilivuja, matone yakaiangukia laptop, naye akafanya vile tunavyozifanya simu zote zinazoangukia mtoni: akaizika ndani ya gunia ikauke.

"Gunia la mchele?"

"Mchele niutoe wapi? La mpunga." Akanitazama kama vile mjinga ni mimi.

Ala! Mpunga una makapi yake. Niliikimbiza laptop juani, nikachungulia tundu la spika za masikioni. Kapi moja lilikuwa limejibana humo, limetulia kama liko kwao. Sasa nikaelewa kile kialama kidogo cha spika za masikioni kilichokuwa pembeni mwa skrini siku zote hizo. Mashine iliamini nimezichomeka, ikawa inapeleka sauti yote huko, kwa kapi! Nikatwaa sindano ya kushonea mikeka. Nikachokoa taratibu, ulimi nje, nyanya akinisimamia na mwiko mkononi. Likatoka.

Asubuhi yake tulipanda dunguni sote wawili. Nikabonyeza, nikasogeza kipaza sauti.

"Kafieni mbele, walafi nyie! Mlilima lini?"

Shamba zima likainuka. Kwelea waliruka kwa kishindo wakavuka mto, nami nikapiga vigelegele nusura nianguke. Nilipogeuka, nyanya hakuwa akitazama ndege. Alikuwa amejishika koo, midomo yake ikifuatisha kila tusi. Moyo uliniuma. Nilifikiria mpunga tu, sikufikiria itakuwaje kwake kujisikia tena. Nikanyoosha mkono nizime.

Akaupiga kofi mkono wangu. "Wacha," akanong'ona.

Tukaendelea kusikiliza. Matusi, kimya kidogo, matusi tena. Halafu sauti ikabadilika, ikawa kali vilevile lakini si ya ndege.

"Na wewe uliyekaa hapo na simu, shuka ukalete chai!"

Nikainuka. Haki ya Mungu, nilishatia mguu kwenye ngazi ndipo nikakumbuka kwamba amri ile ni ya mwaka jana. Nyanya alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Nami nikacheka pale ngazini, mguu mmoja juu na mmoja chini. Alipopata pumzi akanivuta kwa ncha ya leso, akanisogezea mdomo sikioni.

"Si umesikia nimesema? Nenda. Na sukari usinibanie."