Kitambaa cha Kijani na Kichwa cha Bomba

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, pale kiwandani hakuna anayemwita jina lake. Anaitwa Mama Vichwa, na jina limemkaa.

Sisi tunatengeneza mabomba ya kupandishia mafuta na gesi kutoka chini ya bahari. Si yale magumu unayoyajua. Haya yanajikunja kama mpira wa kumwagilia bustani, ila ndani yamejaa chuma: utepe uliosukwa, plastiki juu yake, halafu nyaya bapa tabaka kwa tabaka, kisha plastiki tena. Hayo yote mashine inafanya. Lakini kule mwisho, bomba linapofungwa kichwa cha chuma, mashine inasalimu amri. Nyaya zinafunguliwa kwa mkono, moja moja, zinapinduliwa nyuma, zinasafishwa, zinarudishwa mahali pake, ndipo gundi inamiminwa. Ukikosea, bomba linavujia shingoni. Hiyo ndiyo kazi ya wifi.

Mimi naendesha kreni. Nakaa juu kule kwenye kibanda cha vioo, nawaona wote visogo. Kwa hiyo ninachokwambia nimekiona, sikusimuliwa.

Kila kichwa hugongwa alama ya fundi aliyekifunga. Vya wifi, miaka nenda miaka rudi, viligongwa alama ya msimamizi, eti kwa sababu yeye ni msaidizi. Msaidizi! Mikono yake, alama ya mwenzake. Iliniuma mimi kuliko ilivyomuuma yeye. Sasa msimamizi anastaafu, wakubwa wakamwambia wifi: kichwa hiki funga peke yako. Kikihimili presha, unapewa muhuri wako, unakuwa fundi mkuu. Kikivuja kinakatwa, bomba linakuwa fupi, meli inayolisubiri inaondoka mikono mitupu, na wewe unabaki msaidizi mpaka uzeeke.

Siku ya kupima nikamzawadia kitambaa cha kichwa, kipya, kijani kinachowaka, na mimi nikajifunga cha aina hiyo hiyo. Tukatoka nyumbani sare. Kaka yangu akasema tunafanana na waimbaji wa harusini. Nikamwambia anywe chai yake anyamaze.

Wifi ana kamchezo kake. Siku ya kupima hukivua kitambaa alichojifunga, hukifunika nacho kichwa cha bomba, hukipigapiga kama anabembeleza mtoto alale, halafu hukiondoa kabla presha haijapandishwa. Mafundi wamemcheka mpaka wamechoka.

Bomba lilikuwa uani, limeviringwa kwenye gurudumu lake kubwa, limejazwa maji yaliyotiwa rangi ya kijani ili likivuja hata tone tulione. Presha ikapandishwa. Watu wote wakasogezwa nyuma ya kamba nyekundu, mimi nikabaki juu kwenye kreni yangu, maana bomba la namna ile likipasuka halichagui mtu. Mshale wa geji ukapanda, ukatulia pale pale unapotakiwa. 

Mvua ikaja. Ilimwagika kama imetumwa. Bomba likapoa, na mshale ukaanza kushuka kidogo kidogo. Hilo peke yake halikunitisha, maji yakipoa presha hupungua. Kilichonitisha ni sauti ya mkaguzi wa mteja kwenye redio ya mkononi. Ni mtu mrefu, mchache wa maneno, ana darubini shingoni.

"Naona kijani," alisema. "Kinachuruzika kwenye kichwa."

Nikamtafuta wifi kwa macho. Amesimama kwenye mvua, mikono kichwani, nywele zimelowa chapachapa. Nywele? Asubuhi nimemfunga kitambaa mimi mwenyewe. Nikageuza macho kwenye bomba, nikatazama vizuri kutoka kule juu, na nyuma ya kichwa, upande ambao wa chini hawauoni, nikaona pindo la kitambaa limebanwa. Kiherehere cha muhuri kilimzidi mama wa watu, akasahau kukiondoa, kikateleza kule nyuma.

Sijui ngazi nilizishukaje. Mkaguzi alikuwa ameshainua mkono kuamuru presha ishushwe, na ikishushwa tu, kichwa kimeanguka mtihani.

"Bosi, subiri," nikamwambia, pumzi sina. Nikavua kitambaa changu, kimelowa chepechepe, nikakikamua mbele yake. Kijani kikamwagikia viatu vyake. "Nyuma ya kichwa cha bomba kuna pacha wa hiki. Muuzaji aliniapia hakichuji rangi. Na nitamrudia, hata kama amehama mji."

Wifi akanitazama. "Wifi, umeniua."

"Sijakuua bado. Ngoja jua."

Mkaguzi akafuta viatu, taratibu. "Nimekuelewa," akasema. "Lakini kitambaa hakinihakikishii kwamba bomba halivuji. Mshale ndio utakaosema. Jua likitoka usipopanda, tunakata."

Haki yake, siwezi kumlaumu. Tukasimama tu. Mvua ikakatika, jua likatoka kwa kujivuta, nikalitukana kimoyomoyo. Bomba likaanza kufuka mvuke. Mshale ulikuwa umeganda. Wifi alinishika mkono, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi, na sikuthubutu kumwambia aachie.

"Unapanda," msimamizi akasema, kwa sauti ndogo.

Ukapanda kweli. Kidogo, kidogo tena, mpaka ukarudi ulipokuwa kabla ya mvua. Bomba linalovuja mshale wake haurudi, hata uuombe. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilirukaruka pale uani kama nimekanyaga kaa la moto.

Muda wa kupima ulipotimia na presha kushushwa, mkaguzi alikwenda mwenyewe. Akakiondoa kitambaa kwa vidole viwili, akakifuta kichwa, akangoja, akakifuta tena. Kikavu. Akatikisa kichwa kukubali, basi.

Msimamizi akamkabidhi wifi nyundo na muhuri mpya. Wifi akauweka muhuri kwenye kichwa cha bomba. Akagonga mara moja tu, na alama ikazama kwenye chuma. Alama yake. Akaipapasa kwa kidole, akalia mbele ya watu wote, na mimi nikalia, na kitambaa kile kibovu ndicho tulichofutia machozi.

Jioni kaka yangu alituona mlangoni, akauliza mbona mikono na nyuso zetu ni za kijani.

"Hii ni mikono ya fundi mkuu," wifi akamjibu, akajitupa kwenye kiti. "Leo chai unapika wewe."

Kaka yangu akamtazama, akaelewa, akainuka, akabandika sufuria.