Dawa ya Choo Ndani ya Zizi

Jamani, aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii kijiji chetu kizima cha Kikwe wanaijua, kwa hiyo bora mniulize mimi mwenyewe kabla hawajaitia chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka ya mjini yamejaa vitu, na bei ya kahawa imeanguka mpaka mume wangu akang'oa mibuni ya nyuma ya nyumba tukachimba pale shimo la gesi ya samadi. Fundi alituambia ile hewa ya mavi ya ng'ombe ikiachwa ipae inachafua anga, ikinaswa inapika ugali. Mimi nililitaka kwa ajili ya mama mkwe, maana moshi wa kuni ulishamla kifua, akikohoa anashika ukuta, ila hakutaka kusikia (chakula cha gesi hiyo alikiita chakula cha mavi). Mwishowe tukakubaliana niwaalike kina mama wa usharika, wenzake wakila na yeye atakula, na kuni ataziacha.

Sasa sikieni ujinga wangu. Niliona haya wageni wakae na harufu ya zizi, nikaenda mjini Kaloleni nikanunua dawa ya kusafishia choo, ile kali ya kutoa machozi, na wiki nzima nikawa naoshea sakafu ya zizi asubuhi na jioni, maji yote yanateremka na mtaro hadi shimoni (si ndiyo kazi ya mtaro, kupeleka samadi shimoni), na gesi siigusi, nawatunzia wageni. Kuni zilizobaki nikamgawia jirani, tena kwa madaha, namwambia kwetu moshi umekwisha.

Siku yenyewe nikainjika sufuria kubwa la ndizi na nyama, nikawasha kiberiti mbele yao, moto wa bluu ukatoka, wakapiga vigelegele, hata mama mkwe akasogeza kigoda. Ndizi hazijachemka, moto ukaanza kunywea, ukawa wa kibatari, ukazima. Nikawasha tena na tena mpaka kiberiti kikaisha, nacheka peke yangu.

Ikabidi nikaombe zile kuni kwa jirani, nikapita nazo kichwani katikati ya wageni. Aliyeinuka kunipokea ni mama mkwe. Akainama kupuliza, akakohoa mfululizo, nikamsihi aniachie.

"Kaa, Mama Neema," akaniambia. "Wageni wana njaa."

Fundi alipokuja alinusa tu mtaro akaniuliza nimemwaga nini. Kumbe mle shimoni mna vijidudu ndivyo vinavyotengeneza gesi, nami nimeviua kwa usafi wangu. Tulianza upya, na baada ya wiki kadhaa gesi ikarudi, mpaka leo napikia, na dawa ya choo haitakanyaga tena zizini kwangu. Lakini kina mama wale hakuna aliyechimba shimo, na mama mkwe kila nilipomwita jikoni alinishukuru, akaenda kukoka kuni zake. Nimemsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta hadi mwaka aliotuacha.