Baluni Nilizochora kwa Mkono Wangu

Siku ya kwanza kazini nilifika Kawangware na brashi zangu tatu, nikakuta hakuna ukuta wa kupaka rangi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimechora mabango ya vinyozi, bucha na makanisa kule Lindi, mtaani Kibera, Nairobi. Sasa vijana wenye kompyuta walitaka nembo, yaani alama ya kampuni, kwa mtandao wao wa kupanga shughuli. Unaandika siku na mahali, nao unawatumia watu mwaliko kwenye simu.

Jina lilikuwa limekwisha chaguliwa na Meneja wa Chapa, msichana aliyesimamia sura ya kampuni.

"Jirushee," alisema. "Kama kujirusha kwa sherehe, lakini e mbili, mzee. Moja iko boring."

Nilichora herufi nono zinazoyumba, na baluni saba nyekundu. Sitawadanganya, nilijivunia baluni zile. Lakini niliuliza.

"Madam, huku kwetu watu wanakutana sana kwa matanga. Kamati za mazishi mtazipa nini?"

Mkurugenzi alicheka mpaka akafuta machozi. "Mzee wetu, kifo haiuzi. Sisi tunauza vibe!"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama.

Mwaka uliofuata mke wangu, Nafula, alifariki. Kamati ilikaa nyumbani kwangu, na mpwa wangu, kwa nia njema, akatangaza mazishi kupitia Jirushee. Aliandika maneno ya heshima. Mtandao ukayazungushia baluni zangu saba, ukaongeza chini: "Usikose! Njoo tujirushe!"

Tangazo lilitutangulia kijijini kwetu, magharibi mwa Kenya. Tulipofika na jeneza, ndugu zake Nafula walikuwa wamekaa nje ya lango, hawataki kuingia wala kula. Kaka yake mkubwa alinisukumia simu usoni.

"Shemeji, dada yetu amekufa ama unaoa? Nani alichora hii kitu?"

"Kompyuta," nikasema.

Walimzika dada yao wakiwa wamenipa mgongo, kisha wakaondoka bila kwaheri.

Nimestaafu sasa. Vijana wenye mitandao yao huja Lindi kuniuliza jina zuri hupatikanaje. Nawaambia wamfikirie kwanza atakayelisoma akilia. Huitikia kwa kichwa, halafu wanaomba baluni. Nawachukia, na najichukia zaidi.

Msalaba wa Nafula niliuandika mwenyewe, kwa herufi nyembamba nyeusi. Shemeji hajauona. Kila akikutana na watu wa kwetu huilaani ile kompyuta, nami bado sijamwonyesha mkono huu.