Senge wa Kaizari

Mteja aliyeketi mbele ya kioo alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa. Hilo ndilo jambo la kwanza ungeliona ukiingia katika duka la kinyozi la Levi Walubengo, karibu na soko la Kitale. Mashine ilikuwa imezimwa, na Levi mwenyewe, mwanamume mrefu mwenye vidole vyembamba, alikuwa dirishani akiandika mbiombio kwenye simu.

"Levi, bana! Nitaenda harusi nikiwa hivi?"

"Ngoja kidogo, Kipsang. Kaizari ametekwa na maharamia."

"Kwani huyo mtu wako si alikuwa na upara?"

"Huo ulikuja uzeeni. Mimi naandika ujana wake. Bado ana nywele kukushinda."

Waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko.

Levi alipenda historia ya Roma tangu sekondari, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiandika riwaya ya Kiswahili kuhusu ujana wa Julius Kaizari. Mhariri mmoja wa Nairobi, Vivian, aliisoma akairudisha. Alimwambia kwamba vita vyake vinasisimua, ila kijana mwenyewe hana uhai. Angempa nafasi moja tu ya kujaribu tena.

Jumapili Levi akaipeleka kazi yake Bungoma kwa senge Phelista, shangazi yake, dada ya marehemu baba yake, aliyemlea. Senge alikuwa akibambua karanga na jirani yake, Wilkista. Levi akawasomea sura ambayo Kaizari anavua vazi la utoto na kuvaa lile jeupe la wanaume. Kabla hajaimaliza, senge akainua mkono.

"Simama hapo. Ati hii kijana inakuwa mwanaume na senge yake hayuko?"

"Senge, hiyo ni Roma, si Bungoma."

"Kwani huko Roma mababa hawana madada? Wewe ukipashwa tohara, nani alisimama hapo uani akipiga vigelegele?"

"Ni wewe, senge."

"Basi huyo mtoto wako ni yatima. Hana watu!"

"Maskini," Wilkista akaongeza, akitafuna karanga.

Levi alirudi Kitale amenuna. Hata hivyo, akafungua vitabu vyake, na huyo hapo: Yulia, dada ya baba yake Kaizari, mjane wa jemadari Mario. Levi alikuwa amempita mara nyingi, macho yake yakiwa kwenye panga za mumewe. Akaiandika sura ile upya, Yulia akiwa katikati yake, na kwa mara ya kwanza kijana wake akaona haya, akacheka, akajibu kwa ukaidi. Akaituma.

Vivian alipiga simu siku chache baadaye. Alisema atakuja Bungoma, uani kwa senge, Jumamosi asikie sura hiyo ikisomwa mbele ya watu, ndipo atoe uamuzi.

Senge amekwisha kutangaza kwamba maneno ya Yulia atayasoma yeye. Wilkista ameonywa asikae mbele, maana husinzia. Leo ni Alhamisi, na senge amesimama uani, leso begani, simu mkononi, akimfanyia Levi mazoezi.

"Funga mshipi wako vizuri, mtoto wa ndugu yangu! Watu wote wanakutazama!"

Mwendesha boda aliyekuwa akipita barabarani amepunguza mwendo, akajikagua kiunoni.

"Nirudie kwa ukali zaidi?" senge anauliza kwenye simu.

"Rudia, senge," Levi anamwambia kutoka Kitale. "Naona kama Jumamosi haifiki upesi."